Sentimita Mbili za Wifi Yangu

Niseme ukweli mapema, watu wasije wakanipamba: mimi na wifi yangu tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni toka asubuhi hadi jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimestaafu juzijuzi baada ya miaka thelathini na moja ya kula vumbi la chaki. Nina hasira za karibu, hilo silikatai. Wanafunzi wangu waliniita Pilipili wakidhani sisikii. Wifi yeye hana hasira, ana ulimi, na heri hasira. Siku ya harusi yangu alilizunguka gauni langu mara moja, gauni nililoshonewa na fundi mwingine, akasema limependeza sana, ila aliyepima alikuwa amefumba macho. Watu wakacheka. Mimi nikanuna mpaka kwenye picha, na picha zipo.

Kwa hiyo alipokuja kwangu Jumamosi moja asubuhi, daftari jipya kwapani, akaketi kabla sijamkaribisha na kusema anataka nimfundishe hesabu, nilidhani ni utani wa mawifi. Nikamjibu kwa utani vilevile, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na yeye mtu wa miaka hamsini na nane ameshakauka zamani. Hakucheka. Hapo nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Wifi alitoka shule alipomaliza msingi. Akakaa miaka miwili kwa fundi mmoja wa mtaani, kazi yake kukata nyuzi zinazoning'inia na kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kabla hajaruhusiwa hata kukalia kiti cha cherehani. Akaishia kuwa fundi ambaye mafundi wenzake humpelekea koti likiwashinda. Miaka kumi na tisa iliyopita mwalimu wa ushonaji wa chuo cha ufundi aliugua, wakamwomba wifi ashike darasa kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazikuisha. Wasichana na wavulana wamepita mikononi mwake mwaka baada ya mwaka, ukiingia kwenye maduka ya nguo mjini nusu ya mafundi wanamwamkia kama mama yao. Miezi kadhaa nyuma ilikuwa imetoka barua: kuanzia muhula mpya, kila anayesimama mbele ya darasa awe amefaulu hisabati ya sekondari. Asiye na cheti atampisha mwenye nacho.

Wifi alikuwa ameshaufanya mtihani huo mara mbili. Mara mbili ameanguka, na hakumwambia mtu, hata mdogo wake ambaye ni mume wangu. Ulibaki mtihani mmoja tu kabla ya muhula kufunguliwa.

"Nikiondoka pale," aliniambia, "mimi ni nani tena, wifi?"

Nilijua anachosema. Mimi mwenyewe nilikuwa na miezi sita tu ya kustaafu, na asubuhi nyingine nilikuwa najikuta nimevaa viatu vya kazini bila pa kwenda. Nikamwambia tuanze kesho kutwa.

Tukawa tunasomea kwake, katika chumba chake cha kazi, maana cherehani haikubali kuachwa. Ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa barabara. Ukutani zimetundikwa karatasi za kaki zilizokatwa kwa umbo la mikono, kola na mifuko, kila moja na msumari wake. Meza ya kukatia inakula nusu ya chumba. Mimi nilipewa stuli karibu na pasi, na siku ya kwanza nikaunguza mkono wa sweta.

Nilikuja nimejiandaa kukuta kichwa kitupu. Loo! Nikakuta mtu anayejua sehemu kuliko walimu niliofundisha nao. Ukimwuliza nusu ya robo tatu, anakunja hewa kwa vidole kama anayekunja kitambaa, anakwambia sehemu tatu za nane, na wewe bado unatafuta kalamu. Asilimia alizijua kwa njia ya maji: kitambaa hiki kikifuliwa kinarudi nyuma asilimia tano, kile kumi. Nikampa swali ambalo limeaibisha wanafunzi wangu kila mwaka: watu mia moja na thelathini wanasafiri, basi moja linachukua arobaini, yanahitajika mabasi mangapi? Nimesahihisha majibu ya "mabasi matatu na robo" mpaka nikachoka. Wifi alijibu manne, akauliza hao kumi watakaobaki na basi lao peke yao ni akina nani, wana bahati.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu dada yake atafaulu huku akiimba. Akanitazama kwa jicho la mtu anayemjua dada yake. Akasema kama ni rahisi hivyo, mbona ameanguka mara mbili?

Jibu lilikuja wiki ya pili, tulipofika kwenye maumbo. Nilimpa mstatili, kitu cha mtoto: urefu sentimita kumi na mbili, upana sentimita nane, tafuta eneo. Kumi na mbili mara nane ni tisini na sita, ndege wa mtini anajua. Wifi akaandika mia moja na arobaini. Nikadhani ameteleza. Nikampa mraba wa sentimita tano kila upande, ambao jibu lake ni ishirini na tano. Akaandika arobaini na tisa. Pembetatu yenye kitako kumi na kimo sita, ambayo ni thelathini, yeye arobaini na nane. Duara la nusu kipenyo saba, swali lililopangwa makusudi litoke zuri, mia moja hamsini na nne kamili. Yeye akatoka na mia mbili na moja na vipande vipande vya desimali.

Hapo Pilipili akatoka. Nilimwandikia alama za kosa zenye wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka. Nikamweleza kanuni mara nne, kila mara kwa sauti kubwa kuliko iliyotangulia, kana kwamba shida yake ni masikio. Yeye anaitikia, anairudia kanuni bila kosa, urefu mara upana, halafu anainama na kuandika upuuzi uleule. Wiki nzima hivyo. Siku ya Ijumaa nikamwambia neno ambalo sikupaswa kulisema, kwamba sasa naelewa kwa nini ameanguka. Akafunga daftari taratibu, akaliweka chini ya mkasi, akasema ana suruali ya mtu ya kupindwa. Nikaondoka.

Jumapili hasira zilikuwa zimeshuka na aibu imepanda. Nilikuwa na karatasi zake mezani, nikazitazama bila kalamu nyekundu, nadhani kwa mara ya kwanza. Mia moja na arobaini. Kwa nini mia moja na arobaini, na siyo mia na tatu au tisini? Mtu anayebahatisha habahatishi namba iliyotimia namna hiyo. Nikajaribu: kumi na nne mara kumi. Nikatazama swali: kumi na mbili, nane. Nikatazama mraba: saba mara saba, badala ya tano mara tano. Pembetatu: kumi na mbili kwa nane, nusu yake arobaini na nane. Kila upande ulikuwa umeongezwa mbili, hata mara moja hakusahau. Kwenye duara aliongeza moja tu, lakini duara hupimwa toka katikati, upande mmoja. Mwanamke huyu hakuwa amekosea hesabu hata moja. Alikuwa anapiga sawasawa hesabu za swali jingine.

Nilikwenda kwake na kandambili za bafuni. Nikamkuta anatia uzi kwenye bobini. Nikamwomba radhi kwanza, kwa haraka haraka kabla moyo haujabadilika, halafu nikaweka karatasi mbele yake.

"Wifi, nieleze. Hizi mbili unazoongeza, unazitoa wapi?"

Akanitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi. "Si za mshono?"

"Mshono upi? Swali halikusema mshono."

"Sentimita moja huku, moja huku. Ukikata kumi na mbili kamili, ukishashona unabaki na kumi. Nguo ya watu imeshaharibika hiyo."

"Nani amesema ni nguo?"

"Sasa kitu cha kumi na mbili kwa nane ni nini, wifi, kama si kitambaa?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Naye akacheka, ingawa nadhani hakujua tunacheka nini. Nilidhani tumemaliza. Nikamwambia basi, kuanzia leo acha kuongeza, akasema sawa, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Kumbe kujua ni kitu kimoja, na mkono ni kitu kingine. Mkono ule umeongeza mbili kwa miaka zaidi ya arobaini. Kichwa kinasema kumi na mbili, mkono umeshaandika kumi na nne na unasubiri kichwa kifike. Akikumbuka kwenye swali la kwanza, anasahau kwenye la tatu. Halafu ikawa mbaya zaidi: akaanza kuogopa, akawa anapunguza mbili hata pale asipoziongeza. Nilimwona anatoka jasho kwa mraba wa sentimita nne. Zilibaki siku kumi na tisa. Jioni moja alisema pengine hao wa barua wako sahihi, pengine hajui kitu. Alisema hivyo huku mikono yake inapachika zipu bila yeye kuitazama. Niliumia, nasema kweli. Niliumia kuliko nilivyotarajia kuumia kwa ajili ya wifi.

Kilichotuokoa ni kiburi changu. Nilitaka kumwonyesha kwamba namba ni namba, hazijali kitambaa, na kwamba hata mimi naweza kushona kwa hesabu tupu. Nikachukua mto wake wa kiti, nikaupima: arobaini kwa arobaini. Nikamwomba kitambaa, nikakata vipande viwili vya arobaini kwa arobaini, safi, kwa rula, nikashona pande tatu kwa mwendo wa kobe. Nikaanza kuuvalisha mto. Mto ukagoma. Nikausukuma kwa ngumi, nikaubana kwa magoti, ukaingia nusu, nusu nyingine ikabaki nje imetoa ulimi. Mshono ukaachia taratibu, trrr, mbele ya macho yangu.

Wifi alijikalia sakafuni kwa kicheko. Alilia machozi, akajifuta kwa kipande cha bitana. Mkuki kwa nguruwe. Nilikuwa sijui kunavyouma kucheka wenzangu kunapogeuka. Alipopata pumzi akanyanyua ile foronya yangu na kuigeuza ndani nje.

"Umeikata kwa kipimo cha mwili," alisema. "Mkasi una kipimo chake."

"Rudia hapo."

Akarudia. Kuna kipimo cha mwili, alichopimwa mtu akiwa amesimama, na kuna kipimo cha mkasi, ambacho ndicho kinachochorwa kwa chaki kwenye kitambaa. Fundi akivichanganya ameharibu. Nikamwuliza mteja akija kupimwa, kwenye daftari la vipimo anaandika kipi. Akasema daftarini ni mwili mtupu, siku zote.

"Huongezi kitu?"

"Niongeze ili iweje? Wanafunzi wangu ndio wanaokata. Nikiongeza mimi daftarini, nao wakaongeza mezani, mteja atavaa hema."

Nikamshika mabega yote mawili. Nikamwambia mtihani ni daftari la vipimo. Karatasi ile anayopewa si kitambaa, ni daftari, na chumba kile hakina mkasi hata mmoja. Anapima mwili, anaandika, anafunga. Kukata watakata wengine.

Kisha akavuta karatasi ya maswali, akageuza upande wa maumbo. Mstatili, mraba, pembetatu, duara. Kalamu ikaenda bila kusimama. Tisini na sita. Ishirini na tano. Thelathini. Mia moja hamsini na nne. Alipomaliza akanirushia karatasi mezani na kusema kumbe miaka yote watu hawa walikuwa wanamwuliza mwili tu, si wangesema.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Msimamizi mlangoni, kijana mpole mwenye miwani, alimzuia: haruhusiwi kuingia na kifaa cha kupimia. Wifi alikuwa hajui hata kama tepu ipo shingoni. Aliivua, akanipa, na shingo yake ikaonekana tupu kabisa, sijawahi kuiona hivyo tangu niolewe katika ukoo ule. Alisimama pale anajishikashika kifuani. Nikamwambia aingie, mwili hauhitaji tepu, umo kwenye swali. Akaingia. Nikakaa kwenye benchi la nje kwa saa tatu, nikipima kila kilichofikiwa na mkono: benchi, mlango, kiatu changu.

Alipotoka alikuwa anaeleza kabla hajanifikia. Maumbo yamekwenda vizuri, milinganyo si haba, takwimu amebabaisha kidogo. Lakini kulikuwa na swali moja limemkalisha nusu saa. Fundi ana mita thelathini za kitambaa, kila gauni linahitaji mita mbili na nusu, atashona magauni mangapi?

Katika maswali yote ya dunia, wamempa lenye mkasi ndani. Nilimwona kabisa anaongeza mishono na mapindo, anaondoa asilimia za maji, anatoka na magauni tisa na mabaki.

"Ukaandika ngapi?"

"Kumi na mawili."

Nilimkumbatia pale pale mbele ya msimamizi. Nikamwuliza amejizuiaje. Akasema hakujizuia, alifikiri. Wamesema gauni linahitaji mita mbili na nusu. Mtu anayejua gauni linahitaji kiasi gani ameshahesabu mshono na pindo. Huyo aliyetunga swali, alisema wifi kwa heshima, ni fundi.

Matokeo yalitoka wiki saba baadaye, siku tisa kabla ya kufungua chuo. Alinipa namba yake ya mtihani na simu, akakataa kutazama, akasema ana kazi. Akakanyaga cherehani kwa kasi, akashona upindo mrefu wa pazia toka mwanzo hadi mwisho, na sindano ilikuwa haina uzi. Nikamwacha. Ukurasa ukafunguka. Nilisoma mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Sitini na moja. Ya kufaulia ilikuwa hamsini. Nilipomwambia, mguu ulisimama kwanza, kisha mikono. Akaniuliza kama nina hakika hakuna mtu aliyeongeza.

Siku ya kufungua tulikwenda pamoja kupeleka nakala ya cheti. Mimi nilivaa viatu vya kazini. Karani wa ofisi aliisoma, akaigonga muhuri, akaitia kwenye faili, akasema darasa linamsubiri. Basi, ni hivyo tu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vigelegele, nikabaki nimekasirika kwa niaba yake. Yeye alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi.

Sikuondoka. Nilisimama kwenye dirisha la darasa lake, upande wa nje, ambapo mtu akisimama kando kidogo haonekani. Kulikuwa na vijana ishirini na watano na meza ndefu tatu. Msichana mmoja wa nyuma alikuwa amekata mikono ya shati, mmoja umeuzidi mwenzake kwa vidole vinne. Wifi akaiona. Akaichukua, akailinganisha, darasa zima likageuka kutazama. Mimi nilijua kinachofuata, kwa sababu nimekifanya mara elfu. Ningekuwa mimi, mikono ile ingeshapaa juu ili wote waione.

Wifi akavuta stuli, akakaa karibu na yule msichana.

"Nieleze ulivyofikiri," alimwambia. "Anza mwanzo. Nina muda."

Msichana akaanza kueleza, kwa kigugumizi mwanzoni, kisha vizuri. Alieleza kwa muda mrefu sana, na wifi hakumkatiza hata mara moja. Nami pale dirishani nikafanya kazi ninayoijua, nikahesabu. Miaka thelathini na moja, watoto arobaini kila darasa, madarasa manne kwa mwaka, na makosa yote yale niliyoyapigia wino mwekundu. Nikatafuta kati yao mtoto mmoja tu niliyewahi kumwuliza alivyofikiri. Nikampata mmoja, na alikuwa na miaka hamsini na nane.